Maji ya Guniani

Jumatatu, 4 Machi

Dada, nisamehe. Uliponiachia daftari hili ulisema nisingoje nipate la maana, niandike tu yanayonipata, na mvua zikiisha nimpe mtu anayekuja huko akuletee. Nami nikaliweka juu ya kabati, likawa la kuwekea sahani miezi yote hii. Si kwamba sikukukumbuka. Jioni mtoto akisinzia na mimi nasinzia nimekaa, mwiko mkononi. Naomba usininunie.

Leo nimelishusha kwa sababu nimepata kibarua. Ni cha msimu wa mvua tu, lakini ni kibarua. Manispaa wanabadilisha ada ya taka. Zamani kila nyumba ililipa sawa, mwenye ghorofa na mwenye chumba kimoja kama mimi. Sasa wanasema kila mtaa utalipa kwa uzito wa taka zake, na atakayetenga chupa na makaratasi kwenye mfuko mweupe atapunguziwa. Ili wapange hivyo viwango lazima kwanza wajue nani anatoa taka kiasi gani. Basi Jumatatu na Alhamisi tunatembea nyuma ya gari, tunapima mlango kwa mlango. Mimi nasoma mizani na kuandika. Anayenyanyua ni mzee mmoja anayeitwa Bonge, mwembamba kama ufito. Nilipomuuliza jina hilo lilitoka wapi akasema, "Lilitangulia, binti. Mwili bado uko njiani."

Afisa wa taka ni kijana mpole mwenye miwani. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia. Akasema, "Inatosha."

Mtoto anabaki kwa Mama Pacha, mlango unaotazamana na wangu. Ndiye yule aliyenishika mkono nilipojifungua, wewe ukiwa mbali, na baba wa mtoto akiwa mbali zaidi. Pacha wake wameshaanza shule, nyumba imempwaya. Amesema, "Niachie huyo Chiriku wangu, wewe nenda kachume." Tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, ana lugha yake mwenyewe na anakasirika tusipomjibu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimelowa mpaka ndani ya mifuko.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tulianzia mtaa wa juu, kwenye nyumba zenye mageti. Huko kila nyumba ina pipa, pipa lina mfuniko, na juu ya pipa kuna kijipaa. Taka zao ni kavu kama zimeanikwa. Hakuna aliyetoka. Dirisha moja lilifunguka, sauti ikauliza, "Mmeshamaliza?" likafungwa.

Kisha tukashuka kwetu uchochoroni. Huku ni magunia, yameegemezwa ukutani, midomo wazi, na maji ya paa yanaingia humo moja kwa moja. Bonge alipoinua la kwanza maji yakamshuka shingoni mpaka kiunoni. Akatulia, akanitazama, akasema, "Andika, binti: mawingu, kilo kumi na nne."

Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Niliandika hizo kilo kumi na nne.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia afisa kwamba magunia yamejaa maji. Alivua miwani akaifuta. Akasema analijua hilo, alitaka kazi hii ifanywe kiangazi, lakini waheshimiwa madiwani wanataka viwango kabla msimu haujaisha. Kisha akasema, "Na hata hivyo, mvua inanyesha kwa wote." Alilisema kama mtu aliyeambiwa maneno hayo na mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Machi

Baba Chiriku amepiga simu kutoka kambini kwao, huko wanakojenga barabara.

"Mnakula?"

"Tunakula."

"Mvua?"

"Inanyesha."

Baada ya hapo tukasikilizana tukipumua hadi salio likakata.

Alhamisi, 21 Machi

Dada, wewe ungecheka. Kumeenea habari kwamba mfuko mweupe ukiwa mzito unapunguziwa zaidi. Basi watu wamejaza chupa maji, wamezifunga vizibo, wakazitia mfukoni. Bonge aliinua mfuko mmoja mgongo ukalia. "Loo! Hawa wanaiuzia manispaa maji yake yenyewe!" Afisa amepiga simu ofisini, jibu limerudi palepale: kila chupa ifunguliwe na kumwagwa mbele ya mwenyewe, ndipo ipimwe.

Jumatatu, 25 Machi

Tumemwaga chupa kutwa nzima. Watu wengine wamecheka, wengine wamenitukana. Mwenye duka la kona amesema, "Na uzimwage, ila ujue umenikosesha usingizi, nilizijaza peke yangu." Huyo nimempenda.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulipofika uchochoro wetu Mama Pacha alikuwa ameshasimama mlangoni, Chiriku kiunoni, anatabasamu. Mfuko wake mweupe ulikuwa umefura. "Pima, mwanangu," akaniambia. "Leo utaona kazi ya mikono."

Bonge akaunyanyua. Akanitazama mara moja tu, akageuza macho. Pale bombani walikuwepo wanawake wa uchochoro, walewale niliowamwagia chupa zao Jumatatu, wamesimama na ndoo, wanangoja kuona. Wangekuwa hawapo ningefanyaje? Nimejiuliza hilo tangu mchana. Lakini walikuwepo.

Nikafungua kizibo cha kwanza. Maji. Nikayamwaga. Cha pili. Maji.

"Wewe!" akasema Mama Pacha. Hakupaza sauti. "Mimi?"

"Ni kila mtu, mama. Nimeambiwa kila mtu."

"Sikuuliza umeambiwa nini."

Nikaendelea. Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake. Mmoja bombani akapiga kofi, "Kikulacho ki nguoni mwako, mama weee!" na wote wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, akidhani ni mchezo, akanyoosha mikono ashike maji yanayomwagika. Mfuko ukabaki mwepesi kama kofia. Nikaupima, nikaandika. Bonge akaning'iniza gunia la taka la Mama Pacha, nalo likimwaga maji pembeni mwa mizani, nikalisoma, nikaliandika vilevile lilivyo. Hakuna aliyesema kitu juu ya gunia. Hata mimi.

Jioni niliporudi nilimkuta Chiriku amekaa kizingitini kwangu, ameogeshwa, amebadilishwa nguo, kikapu chake pembeni. Mmoja wa pacha alikuwa amemshika mkono asianguke. "Mama amesema usimlete tena," akasema, kisha akakimbia kwao.

Dada, sijutii kumwaga. Nisingemwaga za kwake, za wenzake ningezimwaga kwa uso gani? Ila ningeweza kumwita pembeni kwanza. Ningeweza kusema, "Mama, yamwage mwenyewe ndani, mimi nitaangalia mtaroni." Neno hilo limenijia saa hii, nikiwa na nepi mkononi. Kulia ningelia, lakini leso ya kufutia machozi ningeianika wapi, kamba imejaa.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimempeleka Chiriku kazini mgongoni. Bonge amekata mfuko wa mbolea akautoboa tundu la kichwa, akanivisha mimi na mtoto pamoja. "Sasa mmekuwa kobe," akasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mgongoni tena. Mvua tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Watu wameshaelewa kwamba uzito ndio ada. Sasa taka zinatembea. Alfajiri mtu anabeba za kwake na kuzitia gunia la jirani, jirani anazihamishia la tatu, na nyingine zinaishia mtaroni. Leo nimekuta maganda, majivu na godoro la mtoto lililooza yamerundikwa mlangoni kwangu. Nilisimama nikayatazama. Kisha nikayatia gunia, nikamwita Bonge, tukayapima, nikayaandika kwenye nyumba yangu.

"Binti, haya si ya kwako."

"Yamekutwa wapi?"

"Mlangoni kwako."

"Basi."

Akatikisa kichwa. "Wewe na mvua, sijui nani atachoka kwanza."

Jumapili, 14 Aprili

Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Si kwamba wananitusi. Wananipisha. Ndoo yangu inajaa haraka kuliko zamani, hakuna anayegombania zamu na mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kusukumwa kwenye foleni.

Nimejikuta namsimulia Chiriku bei ya sabuni. Alinisikiliza vizuri, akatia na neno.

Alhamisi, 18 Aprili

Mtoto anakohoa.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikwenda kazini. Chiriku amenyamaza.

Jumatano, 24 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Jumatatu ile homa ilipanda asubuhi. Nilimfunga mgongoni, nikatoka kwenda zahanati, na nilipofika mwisho wa uchochoro nikakuta hakuna njia. Mtaro ulikuwa umeziba kwa taka walizozificha watu wasipimiwe, maji yamepanda mpaka gotini, meusi, viatu na makopo yanaelea. Nilivuka. Katikati nikasimama kwa sababu sikuona pa kuweka mguu, na hapo nikafikiri: hizi ndizo taka nilizokuwa nazitafuta kwenye mizani.

Zahanati muuguzi aliniuliza, "Mtoto amenyeshewa?"

Nikasema ndiyo.

"Mara moja?"

Nikasema hapana.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinipa dawa, akaniambia nimkalishe wima, nimpe maji ya vuguvugu kidogokidogo, na nikiona mbavu zinaingia ndani akipumua, nimrudishe mbio. Nikarudi nikakuta chumba kimeingia maji, mkaa umelowa, jiko haliwaki. Nilikaa juu ya kitanda nimempakata, natazama mbavu zake. Yule anayejibu kila kitu alikuwa ananitazama tu.

Kuta zetu zinajua kila kitu, zinasikia mtu akigeuka kitandani. Kwa hiyo alipokohoa walisikia. Nikasikia mlango wa ng'ambo ukifunguliwa, ndara zikivuta, zikasimama. Sikuita. Sikuwa na haki ya kuita. Ndara zikarudi. Nilipofungua nilikuta chupa ya chai iko kizingitini, imejaa maji ya moto, na mlango wa Mama Pacha umeshafungwa.

Nilimpa Chiriku maji hayo kwa kijiko. Leo asubuhi amesema neno moja, kisha matano, kisha hakukoma. Nimeiosha chupa nikairudisha kizingitini kwao. Tulikutana macho. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu njiani.

Jumatatu, 29 Aprili

Afisa amenipa ruhusa mpaka mtoto apone. Bonge anasoma mizani mwenyewe na kunitumia kwa simu, maana maandishi yake hata yeye hayatambui.

Alhamisi, 9 Mei

Nimerudi kazini. Chiriku amebaki kwa dada wa muuguzi, mbali, nusu ya ujira inaishia huko. Afisa ameniambia wiki ijayo kuna kikao cha wananchi kusomewa viwango, nami nisimame naye kwa kuwa ndimi niliyepima. Akasema, "Kikao kikipita salama kuna nafasi ya kudumu, mezani. Ofisi ina paa." Akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitabasamia.

Dada, kazi ya mezani! Mtoto asinyeshewe tena. Usiku kucha nimejiona nimekaa kitini.

Alhamisi, 16 Mei

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa shule, mabati yanalia kwa mvua. Afisa alisoma vizuri, taratibu. Mtaa wa juu umeangukia kundi la kati. Uchochoro wetu na zile mbili za chini zimeangukia kundi la juu, la ada kubwa kuliko zote. Palizuka kelele. Mmoja akauliza kama sasa taka za maskini ni dhahabu. Mwenye duka la kona akasema, "Basi nipeni mimi za mageti niuze." Afisa akanyoosha mkono, akasema takwimu ni takwimu, aliyepima ni mwenzenu, wa hapahapa, mnamjua.

Wote wakageuka kunitazama. Chiriku alikuwa mgongoni, amelala.

Mama Pacha akasimama.

"Sikuulizi wewe, kaka," akamwambia afisa. "Namuuliza huyo binti hapo nyuma yako. Binti, chupa zangu ulizimwaga maji?"

"Nilizimwaga, mama."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maji si taka."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Vema. Sasa gunia langu. Siku ileile, mvua ileile. Nalo ulilimwaga maji?"

Afisa aligeuka akanitazama. Hakunitisha, Dada, usimfikirie hivyo. Alinitazama kama mtu anayeomba asiangushiwe mzigo alioshika. Nami niliiona meza ile, na kiti. Niliona pia kwamba Mama Pacha hakuwa ananitega. Aliniuliza kwa sababu alijua mimi si wa kusema uongo, na ndicho kilichomuuma siku ile ya chupa.

"Hapana," nikasema. "Halikumwagwa. Hakuna gunia hata moja lililomwagwa."

"Na la mtaa wa juu?"

"La huko lina mfuniko."

Sikusikia yaliyofuata vizuri. Kelele zilimwamsha Chiriku, akaanza kulia, nikatoka naye kibarazani.

Ijumaa, 17 Mei

Viwango vimerudishwa. Watapima upya kiangazi, ada ibaki ya zamani mpaka hapo. Afisa amekuja mwenyewe kuchukua kizibao cha kazi na mizani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vyenye tope.

"Ulijibu ulichoulizwa," akasema. "Sikulaumu."

"Na ile nafasi?"

Akavua miwani. "Wameniuliza mbona mpimaji wangu amenigeuka mbele za watu. Siwezi kukurudisha, dada yangu. Samahani."

Nikamwambia asante kwa kuja mwenyewe. Nilimaanisha.

Jumatatu, 20 Mei

Asubuhi Mama Pacha amegonga. "Mlete mtoto, utachelewa."

"Kazi sina tena, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokujibu."

"Kha!" akasema. Akakaa kizingitini. Tukakaa pale kama wasafiri wawili wasiojuana, Chiriku akipanda mara kwangu mara kwake. Baadaye akasema, "Lakini ulinimwagia mbele za wale wanawake." Nikasema, "Nilikumwagia, mama. Ningekuita pembeni." Akaitikia, "Ungeniita." Akanyanyuka akaenda kufua.

Nilidhani tukishaongea itarudi ilivyokuwa. Haijarudi. Ila ndara zake nazisikia zikisimama kila asubuhi.

Jumatatu, 27 Mei

Haikunyesha. Bombani kuna aliyenisukuma, "Sogea, na wewe!"

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Wapimaji wamepita. Bonge alinipigia saluti kwa gunia kichwani. Anayesoma mizani ni msichana mpya, kizibao kile kile, kimemzidi mabega. Uchochoro mzima ulifunga milango, hakuna aliyemwitikia salamu, na niliona anavyoandika kichwa chini ili asione kwamba hajaitikiwa. Nikatoka, nikamshikia mdomo wa gunia langu lisimame wima kwenye mizani. "Habari ya kazi?" nikamwuliza. Alinitazama kama nimempa maji ya kunywa. "Nzuri," akasema. Gunia lilikuwa jepesi, Dada. Karibu nusu ya lile la Machi.

Jumatano, 5 Juni

Fundi bomba anasafiri kesho kuja huko, atakuletea daftari. Baba Chiriku ametuma kidogo, kodi imelipwa, usipate presha. Mama Pacha amenipatia nguo za kufua kwenye nyumba mbili za mtaa wa juu. Ninavyohitaji bado ni hivi, na usizidishe kwa sababu fundi ana begi moja:

Dawa ya kikohozi ya mtoto, chupa moja, ile isiyo na rangi. Viatu vya Chiriku, pima kiganja chako ukatishe kwenye kifundo. Shuka moja la kitanda kikubwa, hata kuukuu, langu liliingia maji ya mtaro na harufu haitoki. Sabuni ya kufulia miche minne. Vibanio vya nguo, vya mbao, vya plastiki vinakatika. Mafuta ya mikono, yamepasuka. Na kikombe kimoja chenye mkono. Ninacho kimoja tu, na siku hizi kuna mwenye ndara anaingia mara mojamoja asubuhi, anangoja nimalize mimi ndipo anywe yeye.